Kuni za Mzazi

Mwezi wa saba huko Vudee, kuamka mapema ni adhabu. Ukungu hulala juu ya migomba mpaka saa za chai, bati hudondosha maji ingawa mvua haijanyesha, na hata kuku husita mlangoni wakiangaliana nani atangulie. Katika baridi hiyo, wa kwanza kutoka nje nyumbani kwa Novatus alikuwa binti yake Ernesta, mwanafunzi wa darasa la sita. Alijifunga kanga juu ya sweta la shule, akazunguka nyuma hadi kwenye banda la kuni, akarudi amekumbatia kuni kifuani. Alichochea moto, akateleka maji ya kuoga ya mama, akakoroga uji, kisha akamwamsha mdogo wake Kelvin, ambaye kuamka kwake kulihitaji mbinu na vitisho.

Mama yao, Fortunata, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Tangu hapo hakulala tena katika nyumba kubwa ya matofali, ambayo sakafu yake ya saruji huuma nyayo msimu wa baridi. Alihamia jikoni, katika kibanda cha udongo kilichojengwa na babu. Kibanda hicho kilikuwa na mafiga upande mmoja, kitanda upande wa pili, na upenyo mpana chini ya bati wa kutolea moshi. Ndivyo desturi ya Upareni ilivyo. Mzazi hukaa karibu na moto, hateki maji, hashiki jembe wala hafuati kuni. Kazi yake ni kula, kunyonyesha na kurudisha nguvu.

Safari hii desturi ilikuwa na sababu nyingine. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno. Nesi Ikupa wa zahanati, alipowaruhusu kurudi nyumbani, alirudia neno lile lile mpaka Kelvin naye akalikariri: joto. Mtoto huyu asipoe. Akipoa hatanyonya, asipokuwa na nguvu ya kunyonya hataongezeka uzito, na asipoongezeka itabidi wapelekwe hospitali ya Same. Ernesta alisikia, na moyoni akaapa kwamba moto huo hautazimika mikononi mwake.

Tatizo ni kwamba moto haushibi kwa kiapo. Baba alikuwa amerudi tambarare kwenye kazi yake ya kukata mkonge, na asingepata ruhusa mpaka mwisho wa mwezi. Mtungi mdogo wa gesi ulikuwa umekwisha, umesimama kona ya sebule kama pambo. Mkaa ulikuwa umepanda bei mpaka wauzaji wenyewe waliitaja huku wakitazama pembeni. Na mama mkubwa Asteria, aliyekuja kumsaidia dada yake, alikuwa mtu wa Kileo, mahali pa joto, asiyejua kuni za milimani zinavyopatikana kwa jasho. Alikuwa akiwasha moto wa kuchomea ng'ombe mzima. Alipoitwa kwake kwenda kuvuna, aliondoka nusu ya kuni ikiwa imegeuka majivu.

Kuni hizo zilikuwa zimeletwa na kina mama wa jumuiya ya kanisa. Hiyo pia ni desturi, tena ya zamani kuliko kanisa lenyewe. Mwanamke akijifungua, wenzake humbebea kuni. Hupanda kilima kwa foleni, kila mmoja na mzigo wake kichwani, huzipanga bandani, hunywa uji, humtania mzazi kidogo, kisha huondoka. Zikikaribia kwisha, mtu wa nyumbani husema, nao huja tena. Hakuna kinachohitajika zaidi ya kusema.

Ernesta hakusema, na kisa chake kilianzia darasani. Siku moja wakati wa mapumziko, mwenzake Jenifer, ambaye ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko kalamu yake, aliwaambia wasichana, "Wala msimwonee Ernesta huruma. Kuni zao tunabeba sisi. Mama yangu jana kajipaka dawa ya mgongo kwa ajili yao."

Wasichana walicheka. Ernesta naye alicheka, maana ulikuwa utani tu. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani aliusikia mgongo wa mama Jenifer ukilia.

Haikupita muda akakutana na mama Jenifer mwenyewe kwenye bomba la maji. Alikuwa mama mnene, mcheshi, kiongozi wa kina mama wa jumuiya. Jenifer alikuwa kando yake akikinga ndoo.

"Shikamoo, mama," alisema Ernesta.

"Marahaba, mwanangu. Mzazi hajambo? Kichanga kinanyonya?"

"Hawajambo. Kinanyonya."

"Na kuni je? Maana nataka niwaambie wenzangu tupite tena Jumamosi."

Ernesta alimtazama Jenifer. Jenifer alikuwa anatazama ndoo yake tu, hana habari, lakini Ernesta aliona kama anangojea jibu ili akalipeleke darasani.

"Zipo nyingi, mama. Msihangaike."

"Una uhakika? Yule Asteria nilimwona anavyowasha."

"Banda limejaa, mama. Kweli."

"Basi hongera. Umekuwa mtu mzima," alisema mama Jenifer, akajitwika ndoo yake. "Nitapita siku moja kumwona mtoto."

Sifa ile ilimwingia Ernesta, ikamkaa vibaya. Alipofika nyumbani alienda bandani moja kwa moja. Kuni zilizobaki zilikuwa za kuhurumiwa. Hofu ikamshika: je, mama Jenifer akipita na kuchungulia? Akachukua mabua makavu ya mahindi kutoka shambani, akayashindilia nyuma, kisha akazipanga kuni zote mbele mpaka juu, vichwa vikitazama nje. Ukisimama mlangoni mwa banda, ungeapa kwamba nyumba hiyo ina kuni za kutosha mpaka msimu wa vuli.

"Dada, mbona nyuma ni mabua?" aliuliza Kelvin.

"Ni ya kuwashia moto. Nenda kacheze."

Mama Jenifer kweli alipita, akachungulia, akaridhika, akaondoka. Na mama mwenyewe, ambaye hakuwa na safari ya kule nyuma, aliuliza kutoka kitandani, "Ernesta, kuni zitatufikisha?"

"Zitatufikisha, mama. Wewe nyonyesha tu."

Sasa ukishasema uongo wa namna hiyo, una njia mbili: kuufuta au kuuhudumia. Ernesta aliamua kuuhudumia, na tusimnyime haki yake, aliuhudumia kwa bidii isiyo ya kawaida. Aliamka mapema zaidi. Alipotoka shule hakusimama kucheza rede. Aliokota matawi ya mibuni yaliyopogolewa, akakusanya maganda ya mikaratusi, akashuka mpaka korongoni kufuata miti iliyoangushwa na maji. Msitu wa hifadhi hakuugusa, kwa sababu kuingia huko bila kibali ni kutafuta makubwa. Mikono ilimchubuka na kucha zikavunjika. Nyuma ya banda rundo lilikua, likawa refu kumzidi Kelvin.

Lakini kuni za mwezi wa saba ni mbichi na zimelowa ukungu. Ukiziweka motoni hutoa povu, hulia, hutoa moshi mzito, na joto hamna. Mama alianza kukohoa. Macho ya mtoto yakawa mekundu, naye akawa anapiga chafya ndogo ndogo zilizomchoma Ernesta moyoni. Kwa hiyo zile kuni kavu chache alizitumia kwa kuiba iba, kipande asubuhi, kipande jioni, na moto ukawa mdogo.

"Moto wa siku hizi umekuwa wa kimaskini," alisema mama kwa mzaha.

"Nabana matumizi, mama."

Jumamosi ilifika na manyunyu tangu alfajiri. Kipande cha mwisho cha kuni kavu kilipikia uji. Baada ya hapo Ernesta alimbeba mdogo wake mchanga ili mama ale, akamshika miguu. Ilikuwa baridi. Alimrudisha kwa mama, mama akampa ziwa. Mtoto alinyonya kidogo, akaacha, akalala. Mama alimwamsha, akampa tena. Hakulishika.

"Hana nguvu leo," mama alisema taratibu. "Chochea moto, mwanangu."

Ernesta alitoka nje akasimama katika manyunyu. Alijua la kufanya. Nyumba ya mama Jenifer ilikuwa pale chini, kuvuka migomba tu, na kwenda ni mwendo wa kumaliza pipi mdomoni. Lakini kwenda kungekuwa kukiri kwamba alidanganya, na kwamba mabua yale aliyapanga kwa mikono yake. Miguu ikakataa. Badala yake akakumbuka kitu kingine. Katika stoo ya nyumba kubwa kulikuwa na gunia la mkaa, masalia ya chini yaliyowekwa kwa ajili ya kupigia pasi.

Aliuwasha mkaa huo kwenye baraza la kibanda, katika jiko la bati, akaupepea mpaka ukawa mwekundu wote, akauingiza ndani karibu na kitanda. Ulikuwa moto mzuri, hauna moshi, haumwumizi mtu macho. Ernesta alifurahi akajilaumu kwa nini hakuwaza hivyo mapema. Kisha akatazama juu, akaona joto lake lote linatorokea kwenye ule upenyo chini ya bati.

Hapo ndipo alipotumia akili, na akili hiyo nusura imtie msibani. Aliwaza hivi: upenyo ni wa kutolea moshi. Mkaa hauna moshi. Basi upenyo wa nini? Akapanda juu ya kinu, akauziba kwa magunia. Akafunga dirisha. Akakunja blanketi kuukuu akaliweka chini ya mlango.

Chumba kikapata joto mara moja. "Leo tumehamia Kileo," alisema mama akitabasamu, akajinyoosha na mtoto kifuani. Kelvin alikuwa anacheza gololi barazani. Ernesta alikaa kwenye kigoda akafungua daftari la hisabati, ametulia kwa mara ya kwanza wiki ile.

Baada ya muda kichwa kilianza kumgonga. Alidhani ni njaa. Tarakimu zikawa zinapandana, akaona kichefuchefu, akainuka kwenda kunywa maji kwenye ndoo ya nje. Miguu ilikuwa mizito kama si yake. Alifungua mlango, akatoka, akashika nguzo ya baraza na kutapika. Akabaki pale akivuta hewa ya baridi, na kadiri alivyoivuta kichwa kilizidi kuwa chepesi. Mbona nje napata nafuu, alijiuliza. Akaita, "Mama!"

Mama hakuitika.

Ernesta aliingia. Mama alikuwa amejaribu kuketi, ameegemea ukuta, macho nusu wazi, midomo ikitamka maneno yasiyoungana. Mtoto alikuwa mlegevu, halii wala hasogei. Hofu ilimpanda Ernesta kutoka miguuni mpaka utosini, lakini haikumzuia. Alimnyakua mtoto na nguo zake, akatoka naye, akamkalisha Kelvin chini barazani na kumpakatisha.

"Mshike hivyo hivyo. Piga kelele, muite mama Jenifer. Usinyamaze mpaka aje."

Kwa kelele, Kelvin alikuwa mtu wa kutegemewa. Sauti yake ilivuka migomba yote. Ernesta alivuta pumzi, akarudi ndani, akalikamata jiko la mkaa kwa kanga na kulitupa uani. Liliunguza kiganja chake, hakuhisi. Akasukuma dirisha, akayang'oa magunia, kisha akampitisha mama mikono kwapani na kumburuta kuelekea mlangoni. Mama alikuwa mzito. Ernesta alivuta huku analia, anavuta huku anamwita, mpaka mikono minene ya mama Jenifer ikaja ikamsaidia.

Barazani, katika manyunyu yale yale ya kuudhi, mtoto alikunja uso akalia. Kilikuwa kilio chembamba, lakini Ernesta hajapata kusikia sauti nzuri kama ile.

Waliwapeleka zahanati, mama akishikiliwa na majirani huku na huku, mtoto akiwa kifuani mwa mama Jenifer ndani ya kanga. Nesi Ikupa aliwapima wote, akasikiliza mapigo ya moyo, akampigia simu daktari wa Same kuomba ushauri, akawa anawarudia kila mara. Mama alirudiwa na fahamu zake taratibu, akaomba maji, akaomba apewe mtoto wake. Ndipo nesi alipokaa chini na kumfunga Ernesta kiganja.

"Nani aliingiza mkaa ndani?"

"Mimi, nesi. Nilijua hauna moshi."

"Ndiyo ubaya wake. Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu. Huioni, hainuki, haikuchomi macho ukakimbia. Unaumwa kichwa, unapata usingizi, na ukilala humo huamki. Usiwashe mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kuwe na baridi ya namna gani. Na moto wowote ule, hata wa kuni, unataka upenyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ila kwa nini mkaa? Nilisema muwashe kuni kavu."

Mama Jenifer alidakia. "Hapo hata mimi sielewi. Kuni zipo, nesi. Juzi nimechungulia mwenyewe, banda limejaa."

Wote walimtazama Ernesta. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mvua imezilowesha, na uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, umeshavaa viatu. Ernesta alimtazama mama yake, aliyekuwa amelala ubavu, amepauka, mkono juu ya mtoto. Akaona hana nguvu ya kuuhudumia uongo mwingine.

"Hazipo," alisema. "Nilikudanganya, mama Jenifer. Mbele nilipanga kuni, nyuma ni mabua. Nilimdanganya na mama."

"Kwa nini, mwanangu?" aliuliza mama Jenifer, na sauti yake haikuwa na mzaha tena.

"Jenifer alisema darasani kwamba kuni zetu mnabeba ninyi, na mgongo unakuuma. Nikaona aibu. Lakini yeye alitania tu. Uongo ni wangu."

Mama Jenifer alimshika bega. Nesi Ikupa akasema, "Leo wanalala hapa, niwaangalie. Kesho jioni nitawaleta nyumbani mwenyewe. Nikikuta kuni kavu na chumba kina hewa, watabaki. Nisipokuta, wanakwenda Same. Mtoto huyu hawezi kulala tena kwenye baridi."

Ernesta aliijua ile barabara ya kushuka Same, kona zake na upepo wake. Kwa mtoto yule, hata safari tu ilikuwa hatari.

"Usijali, nitawaambia kina mama kesho kanisani," alisema mama Jenifer.

"Hapana, mama," alisema Ernesta. "Naomba niwaambie mwenyewe. Mimi ndiye niliyesema zipo."

Jumapili, baada ya ibada, waumini walisimama nje kwa ajili ya mnada kama kawaida. Sadaka za mazao huuzwa hapo hapo uani: mikungu ya ndizi, mayai, jogoo mmoja mkorofi aliyekuwa akimdonoa kila anayemsifu. Mzee Ibrahimu, mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi, alimaliza kumuuza jogoo, kisha akanyanyua mkono. "Kuna binti ana neno. Tumsikilize."

Ernesta alisogea mbele. Aliwaona wasichana wa darasa lake, na Jenifer katikati yao.

"Shikamooni. Mimi ni Ernesta, binti wa Novatus. Nilimwambia mama Jenifer kwamba kuni za mama yangu zipo nyingi. Haikuwa kweli. Zimekwisha. Kwa sababu hiyo nikawasha mkaa ndani, na mama na mtoto nusura wafe." Alimtazama mama Jenifer. "Naomba mnisamehe. Na naomba kuni kavu za wiki hii."

Watu walinong'ona. Mama Kurwa, mwanamke mwembamba aliyesimama nyuma, alisema waziwazi, "Pole sana, binti. Ila nikuambie ukweli, hata kwangu zimebaki za kuokoteza. Msimu huu kila nyumba inabana."

Hakusema kwa ubaya. Wanawake kadhaa walitikisa vichwa kukubaliana naye, na Ernesta aliona siku inamponyoka. Lakini hakurudi nyuma.

"Siombi mzigo mzima," alisema. "Naomba vipande, kila nyumba itakachoweza. Nimeokota kuni nyingi, rundo zima, ila ni mbichi. Atakayenipa kavu nitampelekea mbichi mara mbili yake, aziweke juu ya uchaga wake zikauke. Nitazibeba mwenyewe. Naweza."

Mama Kurwa alimkodolea macho, kisha akacheka. "Biashara hiyo naitaka. Uchaga wangu uko wazi, na moto wangu hauzimiki kwa ajili ya mapacha wangu. Njoo mchana."

"Mimi mbichi zako sizitaki," alisema mama Jenifer kwa sauti. "Nataka jioni nyote muwe mmefika kwa Fortunata. Anayebeba kipande abebe kipande, anayebeba mzigo abebe mzigo. Tukutane kwenye bomba."

Mchana kutwa Ernesta alipanda na kushuka na kuni mbichi kichwani, kiganja kimefungwa bandeji, kata ya majani ya mgomba ikimlinda utosi. Safari ya pili alisikia nyayo nyuma yake. Alikuwa Jenifer, naye ana mzigo.

"Mama kanigombeza mpaka nimesahau jina langu," alisema Jenifer. "Nilitania, Ernesta. Sikujua utaumia."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuza jambo."

"Mzigo wako umeinama kushoto," alisema Jenifer, akausawazisha, wakaendelea kupanda.

Jioni, kabla jua halijazama, kina mama walifika kwa foleni. Wengine walibeba mizigo midogo iliyoonyesha wazi hali ya nyumbani kwao, na hakuna aliyeicheka. Walitoa mabua yote, wakapanga kuni upya. Mzee Ibrahimu alikuja na panga, akaupanua ule upenyo chini ya bati. Nesi Ikupa alipofika na mama na mtoto, alikuta moto wa kuni kavu unawaka kwa utulivu na moshi unatoka unakotakiwa. Alikagua upenyo, akakagua dirisha, akamfundisha mama kumfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na blanketi juu. "Mwili wa mama nao ni jiko," alisema, "tena hautaki kuni." Kisha akawaruhusu kubaki.

Wiki iliyofuata mama Jenifer aliitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Watu walikuja na majembe na udongo wa mfinyanzi, wakajenga jiko banifu mahali pa mafiga, linalopika vyungu viwili kwa kuni za chungu kimoja. Ernesta alijifunza kuloweka maharage tangu usiku, kufunika sufuria, na kuteleka maji ya kuoga papo hapo ugali unapoepuliwa. Kwenye mpaka wa shamba yeye na Kelvin walipanda miche ya miti, ingawa Kelvin aliichimbua mara moja kuangalia kama imeota.

Mwisho wa mwezi baba alirudi kutoka tambarare. Walikwenda wote zahanati, na mtoto alipowekwa kwenye mizani nesi Ikupa alitazama, akatazama tena, akasema ameongezeka vizuri, hakuna haja ya Same. Baba aligeuka kando kidogo akajifuta macho kwa kofia yake.

Siku hiyo mchana ukungu uliondoka, na mama akaruhusiwa kuota jua barazani. Ernesta alikaa karibu yake, akachambua mboga. Kulikuwa na jambo lililomsumbua kwa siku nyingi.

"Mama, tutawalipaje wale kina mama? Kuni zote zile."

"Hatutawalipa," alisema mama.

Ernesta aliacha mboga.

"Jenifer alipozaliwa," mama aliendelea, "ilikuwa mwezi kama huu, na mimi nilikuwa na mimba yako. Nilimbebea mama yake kuni, napumzika kila kona. Ulipozaliwa wewe, kuni zilizokupasha joto zilitoka kwa mama Kurwa na wengine ambao sasa ni marehemu. Hakuna aliyehesabu. Kuni za mzazi hazirudishwi kwa aliyezileta, zinapelekwa kwa mzazi mwingine. Uliona aibu kwa kitu kisicho na aibu, mwanangu."

Ernesta aliinama.

"Sikulaumu kwa kuhangaika. Ulihangaika kuliko watu wazima wengi, na ulituokoa mimi na mdogo wako. Lakini sikiliza. Kubeba kuni ilikuwa kazi yetu wote. Wewe kazi yako ilikuwa moja tu, kusema zimekwisha. Hiyo hakuna mtu mwingine angeweza kukufanyia."

Mtoto alianza kulia kifuani mwa mama, safari hii kwa sauti nene ya mwenye njaa. Mama akamfungua blanketi, akampa ziwa, naye akalishika kwa nguvu.